Aliyeshindwa na Mbuzi

Lokaale hakupelekwa shule kwa sababu alikuwa na akili. Alipelekwa kwa sababu alipoteza mbuzi, na katika ukoo wao jambo hilo halikuwa siri wala tusi. Lilikuwa historia tu, kama mwaka wa ukame au mwaka wa kipindupindu.

Chifu alipopita akiagiza kila boma litoe mtoto mmoja wa kusoma, baba yao alitenda kama walivyotenda akina baba wote wa upande ule: aliwapima wanawe kichwani, akambakiza aliyefaa, akamtoa asiyefaa. Aliyefaa alikuwa Nanok, kaka mtu, ambaye tangu udogoni aliweza kulitupia kundi jicho moja na kujua nani hayupo. Asiyefaa hakuhitaji kutafutwa. Wiki ile ile Lokaale alikuwa ameinama akiwatazama siafu wakimburuta panzi aliyekufa, kazi iliyompendeza mno kwa mpangilio wake, na alipoinua kichwa, nyanda zilikuwa tupu mpaka milimani.

"Mpelekeni huyu," baba akasema. "Hata wakimharibu, hakuna kilichoharibika."

Hawakumharibu sana. Walimpa viatu, kisha Kiingereza, kisha, baada ya miaka mingi na nauli nyingi, digrii ya ualimu ya daraja la pili la chini. Kwa muda mrefu Lokaale aliitaja kuwa ni "ya daraja la pili," akiiachia sehemu iliyobaki ijitaje yenyewe. Sasa alikuwa amevuka hamsini, ana nyumba ya mabati mjini Lodwar, miwani iliyofungwa uzi, na kitambi kilichomtangulia kuingia ofisini. Alikuwa mratibu katika shirika dogo, na kazi yake ilikuwa kuwashawishi wafugaji wapeleke watoto shule.

Kwa kazi hiyo alikuwa na hotuba moja. Ilifika mahali ambapo aliweka mkono kifuani na kusema, "Nitazameni mimi!" Basi wazazi wakamtazama. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Walimtazama jinsi alivyokwepa miiba kwa woga, jinsi alivyoomba maji kabla ya kuulizwa habari, na kesho yake wakamletea mtoto wa aina yake: yule anayesinzia juani, yule anayeogopa beberu, yule ambaye ukimuuliza mbuzi wameelekea wapi huonyesha mbinguni. Lokaale akawapokea wote kwa moyo mkunjufu. Mtu hawezi kuwakataa jamaa zake.

Wengi wao aliwapeleka Kakuma kwa rafiki yake Makuei, mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyefundisha kambini kwa miaka mingi, na ambaye sasa aliendesha shule ndogo ya bweni kwa wasichana waliochelewa kuanza masomo, ikiwa na darasa la kutwa la wavulana kando yake. Makuei alikuwa mrefu kama nguzo ya simu, na Kiswahili chake kilikwenda njia yake chenyewe bila kuomba ruhusa.

"Lokaale ndugu yangu," alisema mara ya mwisho, akimtazama mvulana aliyekuwa akilia kwa kumkumbuka mbwa wake. "Umeleta tena wewe mdogo."

"Ndiye waliyenipa."

"Wanakupa kila siku hii. Kwetu pia iko hivyo. Mtoto mzuri anapewa ng'ombe. Mtoto mbaya anapewa kitabu. Mimi nimepewa kitabu kubwa sana." Akacheka, kisha akaacha. "Lakini sikia. Iko kitanda moja bwenini. Msichana mmoja ameolewa, hatarudi. Mimi naweza kushikilia kitanda mpaka Jumatatu, baada ya hapo kuna wasichana mingi wanangoja. Leta mtu ambaye anataka. Si mtu ambaye hatakiwi."

Lokaale hakuhitaji kufikiri. Alimfikiria Akoru, binti wa Nanok.

Akoru alikuwa na miaka kama kumi na mitatu. Miaka miwili nyuma shirika la Lokaale lilikuwa na shule ya kuhamahama: mwalimu mmoja, ngamia mmoja na ubao, wakifuata maboma jioni baada ya mifugo kurudi. Kisha ufadhili ukaisha, ngamia akauzwa, na Lokaale akaandika ripoti iliyosema kwamba mradi "umefikia ukomo wake wa kawaida," sentensi aliyojivunia siku nzima. Akoru hakupata habari kwamba umefikia ukomo. Aliendelea kusoma chochote kilichopita mbele yake: magunia ya msaada, makopo ya mafuta, karatasi ya dawa ya minyoo. Baba yake alipokuwa akiwanywesha mbuzi dawa, yeye ndiye aliyemsomea.

Kwa bahati mbaya, Akoru ndiye pia aliyekuwa mchungaji bora wa boma.

Lokaale alifika siku ya Alhamisi kwa pikipiki ya kukodi, akiwa na tumbaku, sukari na majani ya chai. Nanok alikuwa ameketi juu ya kigoda chake, ameunyoosha mguu wenye goti bovu.

"Ejok, mwalimu," akamsalimu Nanok. Tangu Lokaale avae viatu, hakuwahi kumwita kwa jina.

"Ejok-noi, mkubwa wangu."

"Umekuja na hotuba au umekuja na tumbaku?"

"Vyote viwili."

"Anza na tumbaku."

Walitafuna tumbaku wakaulizana habari za mvua, za jamaa, za mbuzi. Kisha Lokaale akatamka alichokijia. Nanok alimtazama kama mtu anayempima mgonjwa homa kwa macho.

"Akoru?"

"Akoru."

"Jua limekupata. Mwanangu Lokuruka yule pale kivulini amelala. Mchukue hata sasa hivi, tena usimwamshe. Huyo ni wa kwenu."

"Sikumjia Lokuruka. Kitanda ni cha msichana."

"Basi Mungu amekunyima bahati. Wewe ulipoondoka hapa, boma halikutikisika hata kidogo. Huyu akiondoka ni kama kung'oa nguzo ya kati. Nani humtupa anayefaa?"

Lokaale, kwa mazoea tu, aliweka mkono kifuani. "Nanok, nitazame mimi..."

"Nakutazama tangu utotoni," Nanok akasema. "Ndiyo maana nakataa."

Nawoi, mkewe Nanok, aliyekuwa akikamua mbuzi kando, akainamisha uso kwenye kibuyu ili asionekane akicheka. Akoru naye alikuwa amesimama nyuma yake, amewarudisha mbuzi bila mtu kumsikia, fimbo begani. Alikuwa amesikia yote.

"Baba," akasema, "baba mdogo achunge."

"Achunge nini?"

"Hawa. Kesho niende Kakuma na mama, nikafanye mtihani wao, nirudi Jumamosi jioni. Baba mdogo achunge mpaka nirudi. Mbuzi wakiwa wote, niende shule. Wasipokuwa wote, nibaki, na sitauliza tena."

Nanok alicheka mpaka kigoda kikapinduka. Alicheka akiwa chini, mguu mbovu ukipiga vumbi, na watoto wa boma wakakusanyika kuangalia. "Tangu tumzike baba," akasema akifuta machozi, "sijapata kitu kama hiki. Nimekubali! Mbele ya mama yako nimekubali. Mwalimu, unakubali?"

Aisifuye mvua, husema Waswahili, imemnyea. Na Lokaale, aliyewasifia wafugaji maisha ya mjini kwa miaka ishirini, akaona hawezi kukwepa kunyeshewa na ya kwao. Waswahili hao hao humpa mgeni jembe siku ya tatu. Waturkana hawana jembe, kwa hiyo walimpa fimbo siku ya kwanza. Akaipokea. Mtu mzima mwenye digrii angeshindwaje kufuata mbuzi siku mbili? Tena alijiambia kwamba itakuwa nafasi nzuri ya kutafakari. Hapo ndipo kosa lilipoanzia: alipanga kutafakari.

Ijumaa mbuzi walimtazama asubuhi, wakatazamana, wakaondoka. Yeye akafuata nyuma kwa viatu vya ofisini. Alijaribu mluzi wa Akoru, ukatoka hewa tupu. Akajaribu alichofundishwa chuoni kuhusu kuyagawa makundi makubwa katika makundi madogo, na kwa muda mfupi akafanikiwa mno, maana makundi madogo yalipatikana kila upande. Mchana aliwapeleka kunywa kwenye visima vya mchanga ndani ya laga, ule mto mkavu, mwendo mrefu, kwa sababu kisima cha pampu kilichokuwa karibu zaidi hakikuwa na faida kwa mnyama yeyote. Kilikuwa katikati ya mawe, kando ya barabara kuu, hapana majani wala kivuli. Upande ule wote kiliitwa Kisima cha Lokaale, kwa heshima ya mjumbe wa kamati aliyesimama mkutanoni na kueleza, kwa Kiingereza kizuri, kwamba hapo lori la kuchimba lingefika kwa urahisi.

Jioni waliingia bomani wote. Nanok aliwatazama, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Wamekurudisha salama," akasema.

Jumamosi Lokaale alikuwa na matumaini, na matumaini ni hatari kuliko fisi. Viatu vilimchubua, akavivua na kuketi juu ya jiwe karibu na kichaka cha miiba cha mathenge. Akaanza kufikiri juu ya Akoru. Alimwona katika sare. Alimwona katika chuo kikuu, kisha bungeni, kisha akamwandikia hotuba ya kwanza bungeni, na katika hotuba hiyo kulikuwa na aya fupi, ya unyenyekevu, ya kumshukuru baba yake mdogo. Alikuwa akiirekebisha aya hiyo aliposhtuka kwamba kengele za mbuzi hazisikiki.

Aliwapata wengi upande wa pili wa kichaka. Jike jeusi na wanawe wawili hakuwapata. Alikimbia peku juu ya maganda na miiba, akaita, akatukana kwa lugha tatu, akaomba kwa mbili. Alimpata mtoto mmoja tu, au tuseme alipata alichosaza mbweha.

Nanok hakuhesabu. Aliangalia tu mara moja kundi lilipoingia, na kicheko cha siku mbili kikamtoka usoni.

"Mweusi yuko wapi?"

Lokaale aliinua vidole vyake viwili vyenye damu, kama mwanafunzi anayeomba kutoka nje. "Wawili sikuwaona," akasema. "Wa tatu ni wa mbweha."

Jua lilikuwa bado juu ya mikoche pikipiki ilipowaleta Nawoi na Akoru. Akoru aliruka kabla haijasimama vizuri. "Nimepita!" akapaza sauti. "Baba mdogo, yule mwalimu mrefu ameuliza nani alinifundisha, nikamwambia gunia la mahindi! Amecheka mpaka..." Kisha macho yake yakalipitia kundi, kama ya baba yake, mara moja tu. Alivua ndala mpya alizonunuliwa na mama yake Kakuma, akazipanga kando ya mlango, akaenda kuichukua fimbo yake mikononi mwa Lokaale.

"Walikuwa kwenye mathenge?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, mwanangu."

"Ameenda lagani. Huenda kujificha huko akiwa na watoto." Naye akaanza kwenda.

Katika maisha yake Lokaale alikuwa amesema maneno mengi sana, na kwa kadiri alivyoweza kukumbuka hakuna hata moja lililokuwa limemgharimu kitu. Sasa alisimama katikati ya boma, peku, kitambi kikipanda na kushuka.

"Nanok, nimeshindwa na mbuzi."

"Nimeona."

"Nilishindwa nikiwa mdogo, nimeshindwa nikiwa mzee. Katikati ya hapo nimepewa digrii. Sasa nijibu, mkubwa wangu. Kisima kile cha kwenye mawe, nani alisema kichimbwe pale?"

"Wewe," Nanok akasema. "Kila mtu anajua."

"Na waliokuwa pamoja nami katika kamati ile? Yule wa Lokichar, yule wa Kalokol, wale wengine wote waliovaa tai? Walipelekwa shule kwa sababu gani?"

Nanok akafikiri. Mmoja mmoja akawapitisha kichwani, maana aliwajua tangu utoto. "Yule wa Lokichar alikuwa akianguka kutoka juu ya punda," akasema polepole. "Yule mwingine alikuwa akila ugoro wa baba yake. Wa Kalokol aliogopa maji."

"Sisi ndio mliotutuma! Ukija ukame, sisi ndio tunaokwenda kuwasemea. Ikigawanywa ardhi, sisi ndio tunaoketi mezani. Kila boma lilimbakiza mwenye akili likaipa serikali mpumbavu wake, kisha mnakaa hapa mkiulizana kwa nini mambo ya serikali hayaendi. Ulisema unanitazama, sasa nakuambia mimi mwenyewe: nitazame! Nitazame vizuri! Unataka kumpeleka Lokuruka akawe mimi?"

Kivulini, Lokuruka aliamka kwa kusikia jina lake, akaona si jambo la chakula, akalala tena.

Nawoi aliweka chini kibuyu. "Tunawapa makapi," akasema, "halafu tunalalamika uji una makapi."

"Wewe nyamaza kidogo," Nanok akamwambia, lakini bila nguvu. Alikuwa akimtazama Akoru aliyesimama mlangoni mwa boma, fimbo begani, hajui aende au angoje. Alitema tumbaku.

"Mwalimu, unakumbuka siku ile walipokuchukua?"

"Nilikuwa nalia."

"Ulikuwa unalia. Mimi nilikuwa juu ya kilima na mbuzi nikikutazama ukipandishwa lori. Chifu alikuwa amesema atarudi kuchukua wengine. Baba alikuwa amenipa fahali wangu, ananisifu mbele za watu, na mimi nataka lori." Akasita. "Basi nikasema, kwani kazi gani? Nami nipoteze. Nikamchukua jike mmoja nikampeleka mbali, ng'ambo ya laga, nikamficha kwenye vichaka, nikakimbia kurudi. Nikafika bomani, nikageuka, yuko nyuma yangu. Kesho nikampeleka mwingine. Akarudi kabla yangu. Nilijaribu mpaka lori likaja na kuondoka." Alicheka kidogo, kicheko kisichofika popote. "Wewe ulikuwa unaweza bila hata kujaribu."

Lokaale hakujua aweke wapi mikono. Alikuwa amewaeleza wazazi wa nyanda zile zote kuhusu haki ya mtoto kupata elimu, kwa takwimu za dunia nzima, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza kaka yake kama aliitaka.

"Akoru," Nanok akaita.

"Naam, baba."

"Wewe umewahi kujaribu kuwapoteza?"

Msichana alitazama chini. Alichora kitu mavumbini kwa ncha ya fimbo, akakifuta kwa unyayo.

"Mara mbili," akasema. "Walirudi."

Halafu Nawoi ndiye aliyeanza kucheka, akafuatia Nanok, na safari hii kigoda hakikupinduka kwa sababu alikuwa amekwisha kusimama, ameshika goti, anachechemea kuelekea mlangoni. Akamnyang'anya binti yake fimbo.

"Nenda kaoge. Jike nitamtafuta mimi. Kabla yako mimi ndiye niliyekuwa nikiwachunga." Kisha akamgeukia Lokuruka kivulini, akapaza sauti iliyowarusha kuku: "Na wewe, amka! Kuanzia leo una kazi!"

Jike jeusi alipatikana lagani kabla ya giza kuingia, na mtoto wake aliyebaki. Jumapili walikwenda kanisani, na Lokaale akatubu kila kitu kwa jumla ili asisahau kimoja. Jumatatu asubuhi pikipiki ilipofika, alikwisha kufunga begi lake na kukagua miwani yake, tayari kumpeleka binti wa kaka yake Kakuma, na kumkabidhi kwa Makuei yeye mwenyewe, na labda kusema maneno machache. Lakini Nanok alitokea amevaa shuka safi na kofia yenye manyoya, akapanda pikipiki nyuma ya dereva, akampandisha binti yake nyuma yake na sanduku lake la bati.

"Nitampeleka mimi," akasema. "Nataka kuliona hilo lori limefika wapi."

"Na mbuzi?" Lokaale akauliza. "Lokuruka bado hajawajua."

"Mtakwenda pamoja, atakufundisha. Ila angalia, mwalimu: ukimpoteza mmoja leo, sina tena shule ya kukupeleka."

Pikipiki iliondoka ikirusha changarawe. Akoru hakulia. Alipofika mbali kidogo aligeuka, mkono mmoja umeshika sanduku na mwingine umeshika baba yake, akapaza sauti juu ya mlio wa injini:

"Baba mdogo! Mweusi usimwache karibu na mathenge! Na vua hivyo viatu!"

Lokaale alivua viatu. Lokuruka alipiga miayo, akaonyesha mahali fulani mbinguni, na mbuzi wakaondoka wakielekea upande mwingine kabisa. Wakawafuata.